Diwali ya filme na Diwali ya nyumba

Katika kijitabu hiki tumezoea kuandika juu ya mila za kwetu: mahari, kilio, kumpa mtoto jina, Mubande ya Bushi. Safari hii msomaji ataona jina la Diwali na atasema: hawa nao wameishiwa? Hapana. Diwali ni sikukuu ambayo watu wengi wa Bukavu wameiona kwa macho yao mara kumi, mara ishirini, na hawajaalikwa hata siku moja. Wameiona katika filme za Kihindi, kwenye sale za video za Kadutu na Bagira, na sasa kwenye simu. Basi mila hii iko tayari kati yetu, lakini iko kwa namna filme ilivyopenda kuionyesha. Tumeona vema kuuliza kama filme inasema kweli.

Kwanza tupange maneno. Huku kwetu mtu yeyote mwenye asili ya India ao Pakistani anaitwa Muhindi, imeisha. Mwenye butike ya vitambaa ni Muhindi. Askari wa Pakistani wa kikosi cha Umoja wa Mataifa, waliokaa Kivu ya Kusini miaka mingi mbele MONUSCO haijaondoka hapa mwaka wa 2024, nao waliitwa Wahindi, ingawa walikuwa Waislamu na jina lile halikuwafurahisha hata kidogo. Kiswahili cha vitabu kinatenga: Mhindi ni mtu wa asili ya India, Mhindu ni mtu wa dini ya Kihindu. Diwali ni ya Wahindu kwanza. Wajaini na Masingasinga nao wanawasha taa siku zile, kila mmoja kwa sababu yake. Sasa wafanyabiashara wa asili ya India waliokaa Kivu wakati wa Wabelgiji, wengi walikuwa Waislamu, na kati yao Waismailia. Wahindu walikuwa wachache. Ndiyo maana mzee wa Bukavu anaweza kukumbuka vizuri duka la Muhindi, bei ya kaniki na harufu ya viungo, na asikumbuke Diwali.

Filme tunayotaka kuipima ni Kabhi Khushi Kabhie Gham, ya Karan Johar, iliyotoka mwezi wa Desemba 2001. Jina lake ni kusema: mara furaha, mara huzuni. Tumeichagua kwa sababu ndiyo iliyoingia katika nyumba nyingi, na kwa sababu kijana wa mji huu ukimuuliza Diwali ni nini, atakueleza sehemu moja ya filme hiyo: mama mwenye sinia la taa, nyumba kubwa inayong'aa, na mtoto anayeshuka kutoka mbinguni na helikopta.

Habari yenyewe wengi wanaijua. Yashvardhan Raichand, tajiri mkubwa wa Delhi, anachezwa na Amitabh Bachchan. Bibi yake Nandini anachezwa na Jaya Bachchan. Mtoto wao wa kwanza, Rahul, ambaye ni Shah Rukh Khan, hakuzaliwa nao, walimlea. Rahul anampenda Anjali, binti wa watu wadogo wa Chandni Chowk, anamwoa, na baba anamkataa. Anaondoka na bibi yake, wanaenda kukaa London. Nyuma ya miaka kumi mdogo wake Rohan, ambaye ni Hrithik Roshan, anaenda kumtafuta na kumrudisha.

Tuseme wazi kwamba filme hii haikupendwa huku kwa ajili ya nguo tu. Ilifika wakati Bukavu ilikuwa chini ya RCD, nchi imekatika vipande, na kila nyumba ilikuwa na mtu asiyekuwapo: mmoja alibaki Kinshasa na hakuna njia ya kurudi, mwingine yuko kambini Tanzania, mwingine hakuna anayejua. Mama aliyeketi kwenye benchi ya sale ya video na kumwona Nandini anasimama kwenye mlango mbele mtoto hajaonekana, kwa sababu moyo umeisha kumwambia, mama yule hakuhitaji mtafsiri. Wakosoaji wa mijini mikubwa waliandika kwamba filme ina machozi mingi kupita kiasi. Wao walikuwa na watoto wao nyumbani. Na mwezi wa Februari 2025, M23 walipoingia Bukavu na watu wengi wakavuka mpaka, hatushangai kwamba kuko waliorudi kuitazama tena.

Kwa hiyo sifa yake ya kwanza tunaikubali. Ya pili ni hii: Karan Johar anajua hadithi ya Diwali na ameitumia kwa akili. Katika kitabu kikubwa cha Ramayana, mfalme Dasharatha wa Ayodhya analazimishwa na bibi yake mmoja, Kaikeyi, kumfukuza mtoto wake Rama porini kwa miaka 14. Rama anatii kusudi neno la baba lisianguke. Anaenda pamoja na bibi yake Sita na mdogo wake Lakshmana. Mdogo mwingine, Bharata, ambaye Kaikeyi alimtafutia kiti, anakataa kukikalia: anamfuata Rama porini, anamsihi arudi, na Rama akikataa anachukua viatu vyake na kuviweka juu ya kiti cha ufalme. Miaka 14 ikiisha Rama anarudi, na watu wa Ayodhya wanawasha taa njia yote. Usiku ule ndio Diwali, kwa Wahindu wengi wa kaskazini ya India. Tazama sasa filme. Rahul anarudi usiku wa Diwali kutoka masomo Uingereza, kama Rama. Nyuma yake anafukuzwa na baba. Rohan ndiye Bharata, mdogo anayekataa kufurahia nyumba ambamo kaka yake hayumo. Ni kazi nzuri, na mtu asiyejua Ramayana anaihisi hata bila kuambiwa.

Ila kuko tofauti moja kubwa. Katika Ramayana baba anamfukuza mtoto kwa sababu amefungwa na ahadi yake, na anakufa kwa huzuni. Katika filme baba hakufungwa na kitu, ni kiburi cha mali: binti wa Chandni Chowk si wa kiasi chake. Kwa hiyo deni limehama. Kule mtoto ndiye anayelipa neno la baba. Hapa baba ndiye mwenye deni kwa mtoto. Tushike neno hilo, deni, tutalirudia.

Sasa makosa. Tuliitazama tena filme hii watu saba wa kikundi chetu, kila mmoja na kaye yake, umeme ukikatika mara mbili katikati. Tulihesabu ni kazi gani za Diwali tunaona zikifanywa na mikono ya mtu wa nyumba ile. Tuliona mama anashika sinia. Tuliona watu wanacheza. Taa zimeisha kuwashwa, maua yameisha kufungwa, chakula kimeisha kupikwa, na hatuoni nani. Nyumba yenyewe si ya Delhi. Ile kasri tunayoona kwa nje ni Waddesdon Manor, iko Buckinghamshire huko Uingereza, na ilijengwa na mtu wa familia ya Rothschild, wale wa benki, katika karne ya 19. Mtoto anatoka Uingereza kwa helikopta kurudi nyumbani India, na nyumba anayoirudia iko Uingereza. Tulicheka sana. Lakini si kicheko tu: mtengeneza filme alipotafuta nyumba ya kuweka mila ya Kihindu, hakuna nyumba ya Kihindu iliyomtosha.

Ili kupima filme tunapaswa kutoka Bukavu kidogo, twende kwa Wahindu walio jirani zaidi na sisi na ambao wako wengi: Kampala, Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam. Wengi wao asili yao ni Gujarat, upande wa magharibi ya India, na Diwali yao si usiku mmoja. Ni siku tano, na mbele ya hizo siku tano kuko majuma ya kazi. Nyumba inasafishwa mpaka juu ya kabati. Sufuria zinasuguliwa. Kilichovunjika kinatoka, kwa sababu Lakshmi, mungu wa kike wa baraka na mali, hapendi kuingia mahali pachafu. Wamama na mabinti wanakaanga na kuoka siku nyingi: chevda, ganthia, mathia, ghughra zenye nazi na sukari ndani, barfi za maziwa. Si kwa kujishibisha tu. Kila mgeni anayeingia lazima aonje, na sahani zinapelekwa kwa jirani, na jirani hawezi kurudisha sahani tupu. Hiyo peke yake mtu wa Kivu anaielewa bila maelezo.

Siku ya kwanza, Dhanteras, wananunua kitu cha chuma ao dhahabu, hata kijiko kimoja kwa asiye na uwezo. Siku ya pili ndiyo iliyotushangaza zaidi. Katika familia nyingi za Kigujarati, mwanamke wa nyumba anachukua maandazi madogo ya dengu na maji, anayapeleka kwenye njia panda, anayaacha pale na kurudi bila kutazama nyuma. Anatoa ugomvi wa nyumba. Maneno mabaya yote ya mwaka, ya mke na mume, ya mama-mkwe na mkamwana, yanabaki njia panda. Jaribu kufikiri Nandini Raichand anatembea kwa miguu mpaka njia panda na sahani yake. Filme ingeisha kwa nusu saa.

Siku ya tatu ni ya taa. Mbele ya mlango binti anachora rangoli kwa unga wa rangi, na nyayo ndogo zinazoelekea ndani, kuonyesha kwamba Lakshmi anaingia na hatoki. Taa ni vibakuli vya udongo, mafuta na utambi wa pamba. Zinawekwa kwenye kizingiti, dirishani, hata pembeni ya choo, kusudi pasibaki mahali penye giza. Na jioni ile, kwa mfanyabiashara wa Kigujarati, kinachowekwa mbele ya Lakshmi ni kitabu cha hesabu.

Tukae hapa kidogo. Wanaita Chopda Pujan. Hesabu za mwaka zimefungwa: nani anadaiwa, nani amelipa, nini kimebaki. Kitabu kipya, mara nyingi chenye ganda jekundu, kinafunguliwa kwenye ukurasa wa kwanza ambao haujaandikwa kitu. Wanaandika juu yake jina la heri, na maneno mawili: Shubh na Labh, ni kusema heri na faida. Heri inakuja mbele. Wanachora alama ya swastika, ambayo kwa Wahindu ni ishara ya baraka tangu zamani sana mbele Hitler hajaichafua. Wanatia doa la unga mwekundu, punje za mchele, jani la tambuu, sarafu. Kesho yake ndiyo mwaka mpya wa kalenda yao. Siku hizi watu wanaweka kompyuta mahali pa kitabu, wanaitia doa jekundu vilevile, na mahekalu makubwa kama yale ya Swaminarayan yanafanya sala hiyo kwa wafanyabiashara wengi pamoja.

Hii si tabia ya kuabudu pesa, kama wengine wetu walivyozoea kusema. Ni kinyume. Mtu hawezi kuleta mbele ya mungu kitabu chenye uongo. Siku ile inamlazimisha kujua hali yake, kulipa anachodaiwa, kuachilia deni lisilolipika, na kuanza na ukurasa mweupe. Duka la porini la Afrika ya Mashariki lilisimama juu ya mkopo: mkubwa wa Mombasa ao Zanzibar alimkopesha wa kati, wa kati akamkopesha mdogo, mdogo akamkopesha mkulima mpaka mavuno. Mnyororo ule haungeweza kusimama kama hakuna siku ya mwaka ambayo kila mtu anafungua kitabu. Na lugha yetu inashuhudia: pesa, hundi, bima, laki, yote ni maneno yaliyoingia katika Kiswahili kutoka lugha za India, kwa mlango wa duka. Tumechukua maneno yao ya hesabu, sikukuu ya hesabu hatukuiona.

Sasa rudi kwa Raichand. Huyu ni mfanyabiashara mkubwa. Filme inatuambia hivyo tena na tena. Katika Diwali yake kuna taa, ngoma, dhahabu, kuna wimbo mtamu wa Lata Mangeshkar. Hesabu hakuna. Hatuoni mtu anayedaiwa wala anayedai, hatujui mali ile imetoka wapi. Hilo ndilo shitaka letu kubwa. Filme imechukua sikukuu ambayo kazi yake ni kusafisha nyumba na kitabu, imebakiza mwanga wake, imetupa kazi. Na kwa sababu ndiyo Diwali peke yake ambayo vijana wetu wanaijua, wanafikiri Diwali ni jina la Kihindi la feti ya matajiri.

Mtu atasema: nyinyi nanyi, ile ni filme, watu wanatafuta kufurahi. Tunajibu kwamba kutojua kitabu kile kuliwahi kugharimu watu. Mwaka wa 1972 Idi Amin aliwafukuza Wahindi wa Uganda, akawapa siku 90, na kikomo kikawa tarehe 8 Novemba. Diwali ya mwaka ule iliangukia mwanzoni mwa Novemba, siku chache tu mbele ya kikomo. Wahindu waliokuwa wamebaki Kampala walipaswa kufunga hesabu za mwaka na za maisha siku zilezile. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alitangaza zairianisation. Maduka na mashamba ya wageni, Wagiriki, Wareno, Wahindi, Wapakistani, yakapewa wananchi walioitwa kwa Kifaransa acquéreurs. Wazee wetu walioyaona wanasimulia kwa namna moja: vitu vilivyokuwa ndani ya rafu viliuzwa, na nyuma rafu zikabaki tupu. Mwenye kupewa duka alipewa bidhaa na funguo. Mkopo wa yule aliyeleta bidhaa, uaminifu wa miaka, desturi ya kufunga kitabu, hivyo havikuwa ndani ya rafu. Kufikia mwaka wa 1976 serikali yenyewe ilikuwa inawaita wenye mali warudi. Hatusemi kwamba wenye maduka walikuwa malaika. Wakulima wengi walikuwa na malalamiko ya haki juu ya bei na mizani. Tunasema kwamba sisi tuliangalia duka namna leo tunavyoangalia Diwali ya Raichand: tuliona vinavyong'aa.

Kuko filme ya Mira Nair, Mississippi Masala, ya mwaka wa 1991, inayoanza Kampala mwaka ule wa 1972. Ndani yake baba mmoja, Jay, anakaa Marekani na miaka yote anaendelea kuishitaki serikali ya Uganda kwa ajili ya mali yake. Hakuna sherehe ya taa pale, lakini kitabu cha hesabu kiko wazi tangu mwanzo mpaka mwisho, na kwa hiyo iko karibu zaidi na roho ya siku ile.

Na hata filme za Bombay zenyewe hazikuwa hivi siku zote. Mwaka uleule wa 1973 ilitoka Zanjeer, ya Prakash Mehra, filme iliyomfanya Amitabh Bachchan kuwa Amitabh. Zanjeer ni mnyororo. Nayo inaanza usiku wa Diwali. Watu wanapiga fataki nje, na katikati ya makelele yale mtu anaingia katika nyumba na kuua baba na mama. Mtoto wao mdogo, Vijay, amejificha, haoni uso wa mwuaji, anaona tu mnyororo mkononi wenye farasi mweupe. Anakua, anakuwa inspekta wa polisi, na farasi yule anamrudia kila usiku katika ndoto. Hiyo ni Diwali ya deni lisilolipwa: sikukuu inayotakiwa kufunga hesabu imefungua moja ambayo itachukua miaka 20. Hapo hakuna kasri. Fataki, ambazo kwa mtoto mwingine ni furaha, zinaficha mlio wa bastola. Sisi wa Kivu tunajua jinsi makelele ya feti na makelele ya risasi yanavyoweza kufanana, na tunajua kunyamaza kidogo na kusikiliza mbele ya kuendelea kula.

Katika Zanjeer, Amitabh alicheza pamoja na Jaya Bhaduri, na mwaka ule wa 1973 wakaoana. Miaka 28 nyuma yake ndio hao wawili tunaowaona kama baba na mama Raichand. Yatima wa Diwali amekuwa mwenye kasri. Ukizitazama filme hizi mbili moja nyuma ya nyingine, kama tulivyofanya sisi, utaona safari ya nchi nzima, na utaona pia kitu kilichopotea njiani. Katika ile ya zamani sikukuu ilikuwa na uzito juu ya mtu. Katika mpya, sikukuu ni pambo la mtu.

Tusiwacheke Wahindi peke yao. Njoo kwenye ndoa yoyote katika sale za Ibanda. Kamera inapita, taa yake kali machoni mwa wageni, na wote wanajua wakati gani wa kucheka. Keki inakatwa mara mbili kama mpiga picha hakuridhika. Lakini mahali ambapo wajomba walikaa usiku, wakabishana ng'ombe ngapi zimefika na ngapi zimebaki, pale kamera haikuitwa, na vijana hawakuitwa. Bonane ni vilevile: nguo mpya za watoto, wali na nyama, picha. Wazazi wetu, mbele ya Bonane, walikuwa wanapita kwa waliogombana nao. Hiyo haina picha. Mubande nayo, wengi wanaikumbuka kwa ngoma na mavazi ya mwami, wanasahau kwamba ilihusu mbegu na kupanda. Na kwenye kilio, katika familia nyingi bado kuko ile saa ngumu ya kuuliza nani anamdai marehemu na marehemu anamdai nani. Tunajua familia ambazo zimeanza kuiruka, eti inawachosha wageni waliotoka mbali. Saa ile ndiyo Chopda Pujan yetu. Ikitoka, kinachobaki ni turubai, viti vya kukodi na chakula.

Turudi kwa siku za Diwali, kwa sababu filme imekata pia zile za nyuma. Siku ya mwaka mpya, asubuhi mapema, huko Gujarat kuko desturi ya kununua chumvi kidogo mlangoni, wanaiita sabras, kwa kuwa chumvi ndiyo inayotia ladha katika kila kitu. Watu wanavaa nguo mpya, wadogo wanainama na kugusa miguu ya wakubwa, wakubwa wanawapa baraka na pesa kidogo. Wanasalimiana: Saal Mubarak. Msikilize vizuri Mhindu huyo. Saal ni neno la Kiajemi, mwaka. Mubarak ni la Kiarabu, na Mwislamu wa Kasongo ao wa Zanzibar analijua tangu utoto. Salamu ya mwaka mpya ya Wahindu wa Gujarat imetengenezwa kwa maneno yaliyokuja na Waislamu, na hakuna anayeona haya. Siku ya tano, Bhai Bij, dada anamwalika kaka yake, anampikia, anamwombea maisha marefu, na kaka anamletea zawadi. Filme inayozungumza familia kwa saa tatu na nusu ilikuwa na nafasi ya kutuonyesha kimoja cha hivi. Ilichagua kuongeza wimbo mwingine.

Hata hivyo hatuwezi kumaliza bila kusema haki yake. Kuko mahali pamoja ambapo Kabhi Khushi Kabhie Gham inafungua kitabu. Nyuma ya kifo cha mama yake Yashvardhan, Nandini, ambaye tangu mwanzo alikuwa mtu wa kubeba sinia na kunyamaza, anamgeukia bwana yake. Anamwambia kwamba alifundishwa kumheshimu mume kama mungu, lakini mungu hakosei, na yeye amekosa. Basi yeye ni mume tu, si mungu. Anamhesabia: alimleta mtoto, akamfukuza mtoto, akavunja nyumba. Hakuna taa pale, hakuna ngoma, hakuna hata fundi wa nguo aliyefanya kazi kubwa. Jaya Bachchan anasema polepole, na Amitabh, ambaye filme nzima alikuwa anasimama kama mnara, hana pa kuweka mikono. Nyuma yake ndipo baba anaweza kumwomba mtoto msamaha, na Rahul na Anjali wanaweza kuingia kwa mlango ule uliofungwa miaka kumi.

Kwetu sisi Diwali ya filme hii iko pale, si kwenye helikopta. Ni dakika chache tu, karibu na mwisho, na kwenye sale ya video saa ile wengi wameisha kusimama wanatafuta viatu vyao.